Darasa la pesa kwa wachumba, Tororo: tulichopata kwa shilingi 60,000

Wachumba wa huku mashariki mwa Uganda wananiuliza kila mara kuhusu darasa la fedha tulilosoma Tororo kabla ya utambulisho, ile sherehe ya kujitambulisha rasmi kwa wazazi wa binti, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Kanisa silitaji jina, kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na walimu wenyewe ni watu tunaosalimiana nao sokoni. Anayetaka kwenda aniulize pembeni.

Ada ni shilingi 60,000 kwa wawili. Ndani yake kuna chai, mandazi na kitabu cha mazoezi kilichopigwa fotokopi. Mnakutana Jumamosi alasiri kwa muda wa mwezi na kitu. Wanaofundisha ni mama mchungaji pamoja na mzee mmoja mhasibu mstaafu aliyeshika vitabu vya SACCO kwa miaka mingi. Lugha ni Kiswahili, maana darasani mna Mteso, Mjapadhola, Msamia, askari polisi waliohamishiwa huku kutoka kila pembe, na Wakenya wawili watatu wa ng'ambo ya Malaba. Ukianza kwa Luganda nusu ya watu wanabaki nje.

Sisi tulikuwa hivi. Mimi natengeneza entri za forodha katika ofisi ya uwakala pale Malaba. Mchumba wangu ni dereva wa trela kati ya Mombasa na Kampala, na kampuni yake inamlipa kwa pesa ya Kenya. Yeye ni wa Kanisa la Uganda, yaani Anglikana, mimi ni mlokole wa kanisa la kiroho. Kila mmoja ana simu ya laini mbili, moja ya Uganda na moja ya Kenya, na pesa ziko pande zote mbili. Watu wa mpakani wanajua maisha haya: asubuhi unanunua maziwa kwa shilingi ya Uganda, jioni unatumiwa pesa ya Kenya, na ukiulizwa una kiasi gani lazima kwanza umwulize mbadilishaji wa fedha wa barabarani leo anabadilisha kwa ngapi. Tulikuwa tunapendana, tunasali pamoja kwa simu kila usiku akiwa njiani, na hakuna aliyekuwa anajua mwenzake anabaki na shilingi ngapi mwisho wa mwezi.

Nianze na siku ya madeni, kwa sababu hiyo peke yake inarudisha ada yote.

Mama mchungaji aligawa karatasi tupu, moja kwa kila mtu. Wanaume wakakaa upande wa madirisha, wanawake upande wa mlango, na mazungumzo yakapigwa marufuku. Andika kila unachodaiwa na kila unachodai. Kisha chukua mwenzako, tokeni nje, badilishaneni karatasi, na mtu asiseme neno mpaka amesoma mpaka chini. Karatasi haikusanywi. Hakuna mwalimu anayeiona. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wengi wanaogopa darasa la kanisa kwa kudhani siri zao zitafika kwa kikundi cha maombi kabla ya Jumapili. Hapa namba zenu zinabaki mikononi mwenu.

Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya jiko la kanisa. Karatasi ya mwenzangu ilikuwa na mkopo wa SACCO, shilingi 2,400,000, alioezekea nyumba ya mama yake. Chini yake mkopo mdogo wa simu. Chini yake tena 12,000 za Kenya anazodaiwa na dereva mwenzake, alizokopa Mariakani gari lilipolala likisubiri spea. Mkopo wa mama nilikuwa naujua kwa juujuu. Yale mengine hapana. Yangu ilikuwa na ada ya mdogo wangu niliyojitwika, zamu ya chama ambayo nilikuwa sijamaliza kuichangia, na 100,000 za ahadi ya harusi ya rafiki yangu.

Alisoma, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Ahadi nayo ni deni?"

"Jina langu liko kwenye daftari la kamati," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu. Akaongeza ahadi zake tatu chini ya madeni yake.

Tuliporudi ndani ikaonekana karibu kila jozi imekwama kwenye jambo hilohilo. Hapa Uganda vikao vya harusi ni sehemu ya maisha: unaalikwa, unakalia kiti cha plastiki, kadi ya ahadi inapita, watu wanataja kiasi kwa sauti, nawe unataja kwa sababu aliyekutangulia ametaja. Mama mchungaji hakuwa na haja ya kuhubiri sana. Alifungua Mhubiri sura ya 5, pale panaposema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, akauliza ni wangapi wana ahadi zilizopitwa na harusi yenyewe. Mikono ikapanda polepole. Sijawahi kukutana na mafundisho ya pesa yaliyoshika maisha yetu hivyo, kwenye mahali ambapo pesa inatoka kweli.

Na hapo ndipo alipotuletea Anania na Safira, Matendo 5. Nimewasikia hao tangu shule ya Jumapili, lakini siku zote kama onyo la kumdanganya Mungu. Yeye akatuambia tuangalie kwamba walikuwa mume na mke waliopatana kabisa. Waliuza shamba pamoja, wakakubaliana kiasi cha kuficha, wakashika neno moja. Mapatano yao yalikuwa kamili na ndiyo yaliyowazika. Kwa hiyo, akasema, kuelewana na mwenzako kuhusu pesa ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kama mnachokubaliana kinaweza kusemwa mbele za Mungu bila aibu. Kijana mmoja aliyekuwa na mpango na mchumba wake wa kuwaficha wazazi bei ya kiwanja alikaa kimya hadi chai.

Mzee mhasibu ni mtu wa namna nyingine. Hana maneno mengi. Anaketi na kila jozi peke yao, kama nusu saa hivi, kwenye meza ndogo yenye daftari la mistari, rula na bairo nyekundu.

"Kijana, fungua simu. Binti, na wewe."

"Laini gani, mzee?"

"Zote."

Tukaanza na *165#, ile ya pesa za simu za MTN, tukaangalia kilichoingia na kutoka miezi mitatu. Kisha stetimenti ya M-Pesa. Kisha akaomba karatasi yangu ya mshahara. Mshahara wangu ni laki saba, na mwenzangu alikuwa anaijua laki saba hiyo, alikuwa ameipangia kodi ya nyumba, chakula na akiba ya kiwanja. Mzee akaweka rula chini ya mstari wa makato. PAYE, ile kodi ya mshahara, 112,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5 yangu, 35,000. Kinachofika mkononi ni 553,000. Mchumba wangu aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Kwake mshahara wa mwezi unaingia mzima kama ulivyosemwa, hakuwa amewahi kuona karatasi ya namna hii. Mzee akamweleza kwamba zile 35,000 hazijapotea: mwajiri anaongezea asilimia 10 ya mshahara juu yake, zinakaa kwa jina langu zikizaa riba, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 mtu aliyefika miaka 45 na kuchangia angalau miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. "Hii muiandike kwenye mali yenu," akasema, "wengi wanasahau kwamba wanayo."

Halafu zamu ya maileji. Asiyejua: maileji ni pesa anayopewa dereva kwa safari, ya kula, kulala na mambo ya njiani. Dereva mwangalifu anapikia pembeni mwa gari, analala kwenye kabini, na inabaki. Kwa mwenzangu inayobaki kwa mwezi mzuri inakaribia robo ya mshahara. Haimo kwenye karatasi yoyote. Mimi nilikuwa najua ipo, kiasi sikukijua. Na sisi tulikuwa na ubishi wa siku nyingi juu yake: je, hiyo inatolewa zaka?

Kwetu unatoa zaka ya kila kinachoingia, kabla ya makato, na hakuna mjadala. Kwake wanatoa kwa bahasha ya mwaka na sadaka ya Jumapili, na neno zaka linasemwa kwa upole zaidi. Nilitegemea mzee aseme swali hilo ni la mchungaji. Badala yake akauliza, "Ukiwa Voi na maileji yote mfukoni, ni yako?" Mwenzangu akajibu hapana, ni ya safari, gari likiharibika anaitumia. "Ukifika, ukaegesha, ukakabidhi karatasi?" Akajibu iliyobaki ni yake. "Basi umeshajijibu. Ya njiani ni ya njia. Ya nyumbani ni mapato, iwekwe mezani kama mapato mengine, mkeo aione, na Mungu apewe fungu lake humo." Akaandika mstari mpya kwenye daftari, "salio la maileji", kwa ile bairo nyekundu. Zaka tutatoa wapi, kwake au kwetu, hilo alituachia, na tumeshakubaliana.

Kuna jambo moja nilitamani walipatie muda mrefu zaidi, nalo ni kusaidia nyumbani. Walilipatia kipindi kimoja tu na kilikuwa kitamu. Kila mtu aliandika majina ya wote wanaompigia simu wakiwa na shida: ada, hospitali, msiba, mbegu. Orodha ya mwenzangu ilijaa ukurasa. Sisi watu wa mpakani tunaonekana tuna pesa kwa sababu tunaziona zikipita. Binti mmoja akasema kwa uchungu kwamba mchumba wake anatoa zaka yote na sadaka ya ujenzi, lakini mama yake akiumwa anasema pesa ya Bwana haiguswi. Mama mchungaji akamfungulia Marko 7, maneno ya Yesu kuhusu Korbani, wale waliotangaza mali yao ni ya Mungu ili wasiwasaidie wazazi. Akaisoma polepole, mara mbili. Kisha akageukia upande wa pili, kwa wale wanaosaidia mpaka nyumba yao inakosa unga, akasoma 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Akatuachia kazi ya kuamua pamoja, kwa namba, kiasi cha kutuma kila mwezi kwa pande zote mbili, na nani atapiga simu ya kukataa kikizidi. Sisi tulikubaliana kwamba kila mmoja anawakatalia watu wake mwenyewe. Mkwe asikatae kwa niaba ya mtoto. Mzee akatukumbusha tu tuhesabu na ada ya kutoa pamoja na ile asilimia 0.5 ya kodi inayokatwa mtu anapotoa pesa kwenye simu, ili mama akitumiwa 50,000 apate 50,000.

Sasa malalamiko.

Kitabu cha mazoezi kimetoka nje na kimetafsiriwa bila kufikiriwa. Kurasa nzima ni za mikopo ya nyumba ya miaka thelathini na kadi za benki za kununulia kwa mkopo. Darasani kwetu hakuna aliyekuwa nazo. Madeni yetu ni ya simu, ya SACCO, ya chama, ya duka la jirani, na yale mabaya kuliko yote, ya mkopeshaji anayeshika kadi ya ATM ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri na kuchota mshahara kabla ya mwenyewe kuuona. Hilo la mwisho halimo kitabuni hata kwa mstari mmoja. Kwenye darasa lenye walimu wa shule wanne, hilo ni pengo kubwa. Mzee alilitaja kwa sababu mmoja aliuliza, akasoma Mithali 22:7, kwamba akopaye ni mtumwa wa akopeshaye, akasema ukimkuta mchumba hana kadi yake mwenyewe ya benki, uliza iko kwa nani. Ushauri wa maana kama huo ulipaswa kuwa kipindi kizima.

Kitabu hichohicho kina jedwali la bajeti lenye safu mbili: "mapato ya mume" na "matumizi ya mke". Nililalamika waziwazi na nalalamika tena hapa. Nusu ya mabinti darasani wana mshahara au biashara, na yule mke mwema wa Mithali 31 analikagua shamba, analinunua, anapanda mizabibu kwa jasho lake. Mama mchungaji alikubali, akatuambia tuchore jedwali jingine. Walibadilishe lichapwe sawasawa.

Siku ya sheria ilikuwa ya haraka kupita kiasi. Alikuja wakili kijana, anajua kazi yake, akapewa chini ya saa moja kwa sababu kwaya ilikuwa inahitaji ukumbi. Nasema aliyoyasema, kwa kuwa wengi huku hawayajui. Kukaa pamoja, hata miaka kumi na watoto watatu, hakuwi ndoa mbele ya sheria ya Uganda. Ardhi ya familia, ile mnayoishi na kula kwayo, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzi kukubali, ndivyo Sheria ya Ardhi inavyosema. Mtu akifa bila wosia, Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mwenzi aliyebaki asilimia 20, watoto 75, ndugu waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Hilo la mwisho lilizua kelele, maana kwetu mahari ni ng'ombe na wazee wanawahesabu. Muda ukaisha kelele zikiwa bado juu. Swali la wosia kabla ya harusi, ambalo kwangu kama mchumba wa dereva wa masafa marefu si swali la nadharia, halikupata nafasi. Barabara ile ninaijua kwa habari inazoleta.

Tena hawaanzi kwa wakati. Saa nane ni saa tisa kasoro, na ukitoka Malaba kwa taksi ya kurudi jioni unaumia. Ukumbi una joto.

Kipindi cha gharama za harusi kilikuwa cha kawaida. Luka 14:28, mnara na kuhesabu gharama, tenti, soda, keki, gari, gomesi. Yote mliyategemea, yote ni kweli. Faida yake moja ni kwamba mnapiga hesabu ya kile mlicho nacho kwanza bila michango, kisha mnapanga sherehe ya kiasi hicho. Sisi tuliondoa keki ya ghorofa nne na gari la pili papo hapo, na dada zangu wamekasirika. Watapoa.

Ningewapa nyota nne. Nyota inayokosekana ni ya kile kitabu.

Nimesikia watu wakisema kuchunguzana pesa kabla ya ndoa ni kukosa imani, kwamba anayempenda mwenzake amwachie Mungu. Mimi naamini kinyume chake, na nimeamini zaidi tangu niliposhika ile karatasi chini ya mwembe. Mwanamume aliyeniandikia 12,000 za Mariakani, deni ambalo nisingeligundua hata tungeishi miaka mingapi, amenipa sababu ya kumwamini iliyo nzito kuliko zawadi zote za Krismasi. Sijamwona akisali kwa uaminifu kuliko alivyoandika siku ile.

Kama mnakwenda, nendeni kabla wazee hawajapanga siku ya utambulisho. Darasani kulikuwa na jozi ambayo kadi zilikuwa zimeshachapwa na ng'ombe wameshaahidiwa. Walipogundua mkopo wa kiwanja usiojulikana hawakuwa na nafasi ya kupumua wala kuahirisha, kila kikao kilikuwa kinawasukuma mbele. Awamu nyingine wanaanza baada ya Pasaka. Mnajiandikisha ofisini baada ya ibada ya Kiswahili, mnaweka nusu ya ada, nyingine mnamalizia siku ya kwanza. Mchukue kitambulisho, karatasi ya mshahara au daftari la biashara, stetimenti za laini zote za simu, na karatasi ya kila mkopo. Dereva akiwa safarini Jumamosi moja wanamruhusu kuifidia siku ya wiki kwa mzee nyumbani kwake, ila mpigieni simu mapema, kwa sababu Jumatano hukagua vitabu vya SACCO ya walimu na hapokei mtu.